Jina Walilompa Mama Kilioni

Januari 1949, katikati ya mvua, tulimpoteza baba. Alifanya kazi kwenye tanuru la shaba hapa Elisabethville, kifua kilimshinda. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na nakumbuka vizuri.

Watu wetu walitoka kaskazini mwa Katanga. Kwetu kila ukoo una ukoo wa watani wake, na kifo kikitokea mtani ndiye mwenye kazi: anachimba kaburi, na anawachekesha wafiwa ili huzuni isiwavunje. Mtani wa baba alifika siku ya maziko kwenye kambi ya wafanyakazi tulikoishi, akavaa kofia ya marehemu, akaketi kwenye kiti chake, akamgeukia mama.

"Weye mulozi! Umemumaliza bwana yako. Sasa utakula nani?"

Mama hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi. Akajibu, "Si weye. Nyama yako iko muchungu."

Akacheka huku analia. Sote tulicheka. Kisha mtani alivua kofia, akachukua jembe, akaenda makaburini kwenye matope.

Ukuta wetu mmoja ulikuwa pia ukuta wa jirani, mama kijana aliyetoka upande mwingine wa nchi, ambako hawana utani wa namna hiyo. Alikuwa na mtoto mchanga, na alikuwa amemwomba mama awe mama wa ubatizo siku ya Pasaka. Alisikia mwanamume anamwita mama mlozi, yaani mchawi, mbele ya maiti, akasikia mama anacheka. Hakuuliza. Alisimulia alichosikia, na kabla ya juma kwisha wanawake walikuwa wanaondoa ndoo zao mama akifika bombani. Kisha jirani akaja mlangoni kwetu, bila mtoto.

"Mama, kwa ubatizo tutatafuta mwingine."

Mama aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa amekwisha kumshonea mtoto kanzu nyeupe.

Nilisema mwanamke yule ni nyoka. Mama akanikatiza. "Usimuite vile. Alisikia, akaogopa juu ya mutoto wake. Ukimupa jina mubaya, utakuwa umefanya kama yeye. Hata Bwana Yesu balimuita mwenye pepo."

Leo nasema bila kusita: kumpa mtu jina bila kumwuliza ni kumshuhudia uongo, hata kama masikio yalisikia sawasawa.

Mtani alipopata habari hakufanya mzaha. Alisimama mlangoni kwa jirani, nami nikimsikia kutoka uani.

"Dada, yule mulozi, ni miye nilimuita."

"Nilisikia. Na yeye akacheka!"

"Alicheka juu kuchekesha wafiwa ndiyo kazi yangu. Kisha nikaenda kuchimbia bwana yake kaburi."

"Kwetu, pa kilio hakuna muntu anacheka."

"Hata kwetu hakuna, mpaka miye niingie. Ungeuliza, dada."

Ilipita siku nzima ndipo jirani akaja kwetu, mtoto kifuani.

"Mama, nilikupa jina. Sikukuuliza."

"Ingia, mutoto analowa mvua."

Wanawake wengine bombani hawakubadilika. Mmoja aliendelea kuondoa ndoo yake mpaka tulipohama kambi. Lakini Pasaka ile kanisa lilijaa, na wote walikuwepo. Padri aliuliza nani anamshika mtoto. Mama, katika vazi lake jeusi la ujane, alisema kwa sauti iliyofika nyuma kabisa, "Ni miye." Jirani akamkabidhi mtoto.