Mchinjaji na Ubao wa Jibini

"Siku mkono huu utakapokata nguruwe, nichinjeni mie mnile!"

Ndivyo alivyosema Bwanaheri bin Kibwana mbele ya watu wa harusi pale Mtawanya, mkono wa kulia juu, kisu bado kinachuruzika damu ya mbuzi wa pili. Alikuwa amechokozwa. Abdalah, fundi wa kuchokoza asiyekuwa na ufundi mwingine, alikuwa ameuliza kutoka mkekani, kwa sauti ya kufika hadi uani kwa wanawake: "Huyu si ndiye mpishi wa Mzungu? Nani kati yenu anajua kisu chake jana kililala wapi?" Watu walicheka, lakini wawili watatu walisita na matonge mkononi. Ndipo Bwanaheri alipotoa kiapo chake, watu wakapiga makofi, matonge yakaendelea na safari yake.

Mwaka ule wa 1954, Bwanaheri alikuwa watu wawili ndani ya kanzu moja. Siku za kazi alikuwa mpishi wa Bwana Magome, Mzungu aliyenunua magome ya mikoko huko delta na kuyapeleka Dar es Salaam kwa watengeneza ngozi, na nyumba yake ilikuwa mwinukoni Kibiti, kando ya barabara. Siku za harusi na maulidi Bwanaheri alikuwa mchinjaji, kama baba yake. Kwa uchinjaji hakuchukua hata ngozi. Alichopata ni kimoja tu: watu walikula bila kuuliza. Na kwa mtu ambaye kutwa nzima anaitwa "boi" na watu aliowazidi umri, hicho kilikuwa kitu kikubwa kuliko mshahara.

Kazi zote mbili ziliwezekana kwa sababu ya Memsabu. Mke huyo wa Bwana Magome alikuwa na ukali wa siafu, lakini jambo moja alilielewa. Katika friji lao la mafuta ya taa, lililokuwa likikoroma kama paka mwenye pumu, aliweka sheria: "Rafu ya juu yangu, rafu ya chini yako." Vya nguruwe vyote vilikaa juu, vimefungwa kitambaa, na alivikata mwenyewe kwa kisu chake cha mpini mweupe. Vya chini ni vya Bwanaheri. Sheria ile haikuwahi kuvunjwa.

Sasa Ijumaa ya wiki moja mwaka huo Johari, binti yake Bwanaheri, alikuwa anaolewa Mbwara. Baba wa bwana harusi aliitwa Bashiru, askari wa wanyamapori, mtu wa maneno machache na masharti mengi. Siku ya kukamilisha posa alikuwa ameuliza habari za jiko la Mzungu. Bwanaheri akampa kiapo kile kile cha Mtawanya, na mbwembwe zake.

"Vyema," alisema Bashiru. "Tutakula cha mkono wako. Lakini mkwe, siku nikikutilia shaka, watu wangu watanawa na kuondoka, na binti atabaki kwenu."

Mkewe Bwanaheri, Mwantum, alipolisikia hilo usingizi ulimpaa. Bwanaheri akamcheka. "Shaka itoke wapi, mwanamke weye? Mie jiko lile nalijua kuliko mwenye nyumba!"

Jumatatu, Memsabu akaangushwa na homa.

Na Jumatano wageni walikuwa wanatoka Dar es Salaam. Mkubwa wao alikuwa Mzungu mnene, mnunuzi wa magome, ambaye asingenunua kitu mpaka akae barazani, anywe, atafune vidogovidogo, kisha apelekwe Ngarambe kuwinda tembo. Vidogovidogo hivyo vilitakiwa viwekwe kwenye ubao mmoja wa mninga, jibini na nyama baridi za kila aina, vipangwe kama mapambo. Memsabu ndiye aliyejua kupanga. Memsabu alikuwa chini ya mablanketi anatetemeka.

Bwanaheri hakuogopa. Ubao aliwahi kuuona umepangwa. Alianza na jibini, lile duara la nta nyekundu lililotoka Kenya, akalikata vipande vya pembe tatu. Joto la Kibiti halina heshima na jibini. Ilianza kutoka jasho kabla hajaweka kisu chini. Akailaza juu ya jani la mgomba lililoloweshwa maji. Pembeni akamwaga korosho za Mtawanya alizozikaanga asubuhi, akatia asali katika kibakuli, achari ya maembe katika kingine, na kamba wakavu wa delta, wekundu, wamekunjika kama masikio. Kisha akafungua friji na kutoa vya rafu ya chini. Kulikuwa na ulimi wa ng'ombe alioununua mwenyewe buchani Kibiti na kuuchemsha mwenyewe. Kando yake kulikuwa na soseji kavu, ndefu, ngumu kama mpini wa jembe.

Soseji ile hakuijua. Lakini rafu aliijua. Akachomoa kisu chake, akaikata vipande vyembamba vya duara, vyenye madoa ya mafuta, na kuvipanga kuzunguka jibini. Vikapendeza.

"Hodi humu."

Bashiru alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, kaptula imepigwa pasi, kofia kwapani. Alikuwa amekodiwa kuwapeleka wageni Ngarambe, na gari lao lilikuwa limekwisha kuegeshwa mbele.

"Ala! Mkwe! Karibu, karibu." Bwanaheri alifurahi kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Keti hapo kizingitini, nikupe chai."

Bashiru akaketi. Hakutazama chai. Alitazama ubao.

"Haya ndiyo wanayokula?"

"Haya ndiyo. Wamekuja kutoka Dar es Salaam kutafuna kama panya."

"Ile nyeupe?"

"Jibini. Maziwa yaliyogoma."

Bashiru hakucheka. Alinyoosha kidole, bila kugusa. "Na ile ya madoa?"

"Ng'ombe."

"Mie nimepasua wanyama wengi, mkwe. Mafuta ya ng'ombe yana umanjano. Yale meupe pe."

"Huyo ng'ombe wa Ulaya," Bwanaheri akajibu upesi. "Kule hata ng'ombe ni weupe."

Maneno yalitoka vizuri, kama yalivyozoea kutoka. Lakini yalipokwisha, Bwanaheri aliitazama soseji upya. Nani aliiweka soseji ile kwenye rafu ya chini? Memsabu hakuinuka kitandani tangu Jumatatu. Kikapu cha vyakula kutoka Dar es Salaam kilifika jana. Na jana aliyepanga friji alikuwa Bwana Magome mwenyewe, mtu asiyejua hata chumvi inakaa wapi. Karatasi ya soseji, yenye maandishi yake ya Kizungu, Bwanaheri alikuwa ameiokota jikoni asubuhi na kuwashia moto.

Kabla hajapata pa kuliweka wazo hilo, Bwana Magome akaingia kwa kishindo, paja la nguruwe ndani ya kitambaa, akalibwaga mezani.

"Bwanaheri! Memsabu iko gonjwa. Wewe nakata hii, pesi pesi. Wageni nangoja!"

Bashiru akaiweka chai chini, polepole, kama mtu aliyesikia majani yakitikisika porini. Bwanaheri alijua kwamba akikata, harusi hakuna, na asipokata, kazi hakuna, mbele ya wageni ambao Bwana anawategemea. Kinywa chake kikamwahi, kama desturi yake.

"Bwana," akasema, "huku kwetu mgeni mkubwa hakatiwi nyama na mpishi. Hukatiwa na mwenye nyumba, kwa mkono wake, mgeni akitazama. Mpishi akikata, mgeni anahesabu ametukanwa."

Bashiru akakohoa. Desturi hiyo haikuwahi kuwepo Kibiti wala Mbwara. Ilizaliwa pale pale, kati ya meza na friji, na umri wake ulikuwa pumzi moja.

Bwana Magome akamkodolea macho. "Kweli?"

"Kabisa, Bwana. Muulize askari huyu."

Bashiru alilitazama paja, kisha mkwe wake. "Naona Bwana akate," akasema mwishowe. Hakusema uongo. Bwana Magome akaondoka na paja lake na kisu cha mpini mweupe, na Bwanaheri akajifuta uso kwa kitambaa cha sahani.

"Unasema haraka sana, mkwe," alisema Bashiru.

Bwanaheri alichukua ubao na kuupeleka barazani, huku macho yake hayatoki kwenye vile viduara vya madoa meupe. Alifikiri kuviangusha njiani. Alifikiri kujikwaa. Lakini mgeni mnene alikwisha kumwona, na alikwisha kusimama.

Mgeni huyo alikuwa ameishi pwani muda mrefu na Kiswahili alikijua. Alimtazama Bwana Magome akikata paja kwa jasho, akaelezwa ile desturi, akaipenda kupita kiasi. Wazungu wa namna yake hupenda desturi kuliko wenye nazo.

"Uzuri ulioje!" akasema. "Basi na mimi nina mgeni wangu. Yule atakayenilinda kesho porini. Askari! Njoo hapa!"

Bashiru akaja, akasimama wima. Mgeni akauzungusha uma ubao mzima, juu ya ulimi, juu ya kamba, kisha akauchoma katikati ya kiduara kimoja cha soseji na kumkabidhi kwa heshima zote. Bashiru akaushika uma. Akaangalia kilichoning'inia, kisha akamwangalia Bwanaheri.

"Mkwe, hii nyama gani?"

Hakuuliza kwa kejeli. Hilo ndilo lililomuumiza Bwanaheri. Aliuliza kama watu wanavyomuuliza mchinjaji, na jibu akilipata atatia mdomoni. Neno lilikuwa moja tu, na tayari alikwisha kulisema jikoni. Akilirudia, Johari anaolewa Ijumaa. Karatasi ni majivu. Hakuna atakayejua, milele.

Bwanaheri akageuka. "Bwana, soseji hii ni ng'ombe au nguruwe?"

Bwana Magome akawa mwekundu kama nta ya jibini. "Nyama! Nyama zuri ya Dar. Mimi najua wapi?"

"Sijui, mkwe," akasema Bwanaheri. Sauti ilikuwa ndogo, watu wa Mtawanya wasingeitambua. "Usile."

"Hujui?"

"Sijui."

"Na nani kaikata?"

"Mie."

Bashiru akaulaza uma ubaoni, kando ya jibini. Akachota korosho, gao zima la mkono. "Ahsante, Bwana," akamwambia mgeni. "Meno yangu yanataka vya kutafunika." Mgeni akacheka, Bwana Magome akacheka kwa kumfuata, na kwa upande wao jambo likaishia hapo.

Uani, nyuma ya jiko, Bwanaheri alichuchumaa na ndoo, kata na fungu la udongo. Alifanya kama alivyofundishwa katika chuo cha Kurani: mara saba, moja kwa udongo, mikono kwanza, kisha kisu. Bashiru alisimama juu yake akitafuna korosho, akitazama kila kata ya maji inavyomwagika.

"Mkwe," Bwanaheri akasema bila kuinua kichwa, "Johari hana kosa."

"Nani kamtaja Johari? Kijana wangu ataoa Ijumaa. Ungesema ng'ombe mara ya pili, ndipo tungezungumza mengine."

Bwanaheri akavuta pumzi. Akanyoosha kisu juani, maji yanadondoka. "Basi nimekwisha kuosha. Umeona."

"Mie nimeona. Sheria imekamilika, na mie ningekula." Bashiru akakung'uta maganda mikononi. "Lakini watu wangu hawakuwapo hapa kuona. Watauliza, nami sitawaficha. Nao weye huwajui?"

Aliwajua. Ndio wale wale wa kila mkeka, na yeye mwenyewe alikuwa amewazoesha kutouliza. Akakifuta kisu na kukirudisha alani, taratibu.

"Nitafute mchinjaji mwingine," akasema.

"Tafuta mwingine."

Jioni Mwantum aliposikia alikaa chini, akamshukuru Mungu kwa binti. Asubuhi Bwanaheri akatoka kwa miguu kwenda Bungu, ambako kulikuwa na mchinjaji asiyefahamiana na Mzungu yeyote. Huyo alitoza shilingi mbili kwa mbuzi mmoja, ngozi mbali.