Shosho Hakuwa Mpika Chai

Naikumbuka siku niliyochoka kunyamaza, mwanangu. Nilikuwa nimekubeba mgongoni katika ukumbi wa mtaa, Shauri Moyo, kwenye maonyesho ya kompyuta za zamani. Mlangoni kulikuwa na picha ya shosho, yaani nyanya yangu, Mbithe, akiwa msichana. Amesimama na mwanamume mmoja kando ya mashine kubwa kama kabati, na shosho ndiye amekumbatia rundo la kadi. Chini wameandika: "Mhandisi na mpika chai wake."

Mpika chai.

Shosho ndiye aliyetunga programu ya kupanga mabehewa ya treni, ile ile iliyosifiwa kwenye bango la pembeni. Siku hizo kila amri ilitobolewa kwenye kadi yake, na kadi zikianguka zikachanganyika, kazi yote imeharibika. Kwa hiyo alizipanga, akazibana, akachora mstari wa mshazari kwa kalamu kwenye kingo za rundo zima. Zikianguka, unazirudisha mpaka mstari unyooke. Alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, kwa kadi zake kuukuu, tumekaa sakafuni. Na pale pichani mstari unaonekana wazi.

Nikamlalamikia msimamizi wa maonyesho. Alikuwa anatafuna njugu.

"Mathe, hayo ni maandishi tu. Nani husoma?"

"Huyo wa pichani. Namleta Jumamosi."

"Si utamwambia ni makosa ya printa."

"Printa inajua chai?"

Akacheka. "Lakini pia wewe. Wamama wa zamani na kompyuta, wapi na wapi?"

Hapo ndipo nilipofika mwisho. Matusi yalinijaa mdomoni, nikayameza. Nikamwomba karatasi.

Sikia, mwanangu. Ukifanya kazi, iandikie jina lako. Shosho alidhani kazi yenyewe ingemsemea, na ona walivyomfanya. Mtu akikufuta, usiende kulia jikoni. Mwandikie mkubwa wake, na usitoke pale bila nakala yenye muhuri. Mungu akupe kichwa cha shosho na mdomo wangu.

Niliandika hivi:

"Kwa Afisa wa Ukumbi.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PICHA YA MLANGONI

Mwanamke aliye pichani hakuwa mpika chai. Programu mnayoisifu kwenye bango la pembeni aliitunga yeye, na mstari ulio kwenye kadi alizoshika ni wa mkono wake. Naomba maandishi yabadilishwe kabla ya Jumamosi, na jina lake, Mbithe, litangulie. Mkishindwa, teremsheni picha niibebe nyumbani.

Msiseme hamkujua wa kumuuliza. Yuko hai, na Jumamosi atakuja kusoma mwenyewe."