Breze za Darlene na Kuku wa Bibi Häfele

“Unterhasel nzima hakuna anayesokota breze kunishinda,” anajigamba Darlene Tackett, akipangusa unga puani. Kisha anachungulia dirishani. “Ila wenyewe kijijini bado hawajaamka.”

Mikono ya mama huyu Mmarekani wa miaka hamsini na nane inavuta donge la unga wa ngano hadi linakuwa kamba, inalipiga fundo, inalichovya kwenye maji ya magadi na kulinyunyizia chumvi kubwa. Hujapepesa jicho, breze nyingine, mkate wa fundo wa Wajerumani, imelala kwenye sinia, mikono imeikunja kifuani kama wateja watakaoinunua.

Alitoka Ohio kumfuata mumewe, fundi bomba wa kijiji hiki cha kusini mwa Ujerumani. Mume alipofariki, ndugu zake wa Ohio wakamwita arudi.

“Niliwaambia nimeacha unga unaumuka,” anasema. Miaka sita sasa, na unga bado unaumuka.

Unga aliujua upesi kuliko watu. Siku yake ya kwanza kazini katika duka hili la mikate alimwuliza mzee mmoja, “Hujambo?” Kwao Ohio hiyo ni salamu, huku ni swali. Mzee akamsimulia maumivu ya goti la kushoto, akahamia la kulia, foleni ikafika barabarani. Wala hakuna aliyenung'unika. Walitaka kujua la kulia limeishia wapi.

Na sifa? Asahau.

“Mwaka mzima nilingoja mtu aseme breze ni tamu,” anasema. “Mwishowe nikalia mbele ya Bwana Rapp. Akaniuliza, ‘Kuna aliyekugombeza?’ Nikasema hapana. ‘Sasa ulitaka wakusifu vipi tena?’”

Bwana Gotthilf Rapp, mwenye duka, anastaafu Krismasi hii. Darlene anatamani kurithi duka na tanuri lake, na Rapp hana pingamizi, ila ameweka sharti moja: Bibi Häfele ale breze ya Darlene. Bibi akila, kijiji kimekula.

Walburga Häfele, jirani wa miaka themanini na mitatu, hununua breze mbili kila asubuhi. Huapa kwamba ni za kuku wake.

Leo amenunua, ameondoka, na sasa huyu hapa tena, mkoba kwapani.

“Zile za asubuhi zimezidi chumvi,” anasema. “Nipe mbili nyingine.”

“Kuku wamelalamika, Bibi Häfele?”

“Sana. Na hizi zipake siagi.”

“Kuku wanakula siagi?”

“Wangu wamelelewa vizuri.”

Rapp anatokea jikoni, akifuta mikono. “Kuku gani, Walburga? Si mbweha aliwamaliza wote tangu Pasaka?”

Bibi anatazama mkoba, anatazama dari. Kidevuni mwake punje ya chumvi inameta.

Rapp anaitazama punje ile. Halafu anachomoa ufunguo wa duka mfukoni na kuuweka mbele ya Darlene.

“Basi,” anasema Bibi Häfele hatimaye, “ni za huyo mbweha.”