Mtani wa baba aliyeketi mlangoni

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyaona mwenyewe, siongezi chumvi.

Ni miaka ile majirani zetu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipofukuzwa hapa Kolwezi, mkoani Katanga, Kongo. Walilala stesheni wakisubiri treni, wengine na vitanda vyao. Sisi tuliobaki tuliambiwa mzalendo hushangilia, au anyamaze.

Baba alikuwa karani mgodini, Mkatanga kwa baba na mama. Kunyamaza hakukuwa kipaji chake (nimerithi, muulizeni mume wangu). Siku moja baada ya misa, hapa mtaani kwetu Musonoi, akasimama nje ya kanisa:

"Bale ni bajirani betu. Mi napenda Katanga, lakini hii ni zambi."

Mchana vijana wakajaa uani na petroli, wachome nyumba ya msaliti. Kiongozi wao alikuwa kijana wa mtaa wa nyuma. 

Ndipo akaingia Mama Monga, mtani wetu.

Kwetu koo zina utani. Mtani anaweza kukutukana hata msibani, na ukikasirika aibu ni yako. Ukoo wa yule kijana nao ulikuwa watani wa Mama Monga.

Akaketi mlangoni petu, akaanza kulia kama kwenye kilio.

"Niko nalia Katanga. Inchi mukubwa hivi, na shaba yote hii, inaogopa kinywa ya muzee moya. Weye mutani wangu, leta ile petroli, anza na mi."

Mmoja akacheka. Kisha wengine. Kijana akajikuta anatabasamu, maana kumkasirikia hawezi na kumgusa ndiyo kabisa. Wakaondoka.

Mama Monga akamgeukia baba. "Kesho utasema tena?"

"Nitasema, mama."

"Basi nitapikia hapa."

Alipikia mlangoni petu hadi treni ya mwisho. Majirani waliondoka hata hivyo, na hilo bado linaniuma. Lakini baba alizeeka nasi.

Nilichojifunza: anayeipenda nchi huiambia inapokosea, na anahitaji mtu wa kuketi mlangoni pake.

Mama Monga alipofariki, watani tulitakiwa kumkejeli. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Asante, mama." Msiba mzima ukanicheka: mtani gani anashukuru?

Karibuni wakuu. Mlangoni penu aliketi nani?