Nilivyojipa uenyeji wa Guangzhou, nusura nimkoseshe Neema kiwanda

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya yamenitokea mwenyewe, na wenzangu wawili niliokuwa nao wanasoma humu humu jukwaani. Hata nikitaka kuongeza chumvi, nitaumbuliwa kabla ya comment ya tatu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu niliyejitengeneza. Nina diploma ya ugavi, sikurithi hata baiskeli, na nimeishi Guangzhou miaka minne nikifanya kazi kwa wakala wa cargo pale Xiaobei, mtaa wanaofikia Waafrika wengi. Nimerudi nyumbani, nimejenga Kibaha, geti la umeme. Nasema tu ili muelewe confidence yangu ilitoka wapi.

Mwaka jana Shafii, jamaa wa Kariakoo anayeuza spea za simu, na dada Neema, mwenye duka la mikoba Mwanza, wakapanga kwenda China kwa mara yao ya kwanza.

Shafii alikuwa anakwenda kutembea. Neema alikuwa na jambo zito. Alishona kwa mkono wake mkoba wa ngozi wenye mfuko wa kitenge, akawa anatafuta kiwanda cha kumtengenezea mia mbili kama huo. Alikuwa na siku nne tu. Duka kalifunga, watoto kawaacha kwa dada yake.

Nikawaambia, "Bila mimi mtapotea. Guangzhou ni sebuleni kwangu."

Tulipofika nikakuta sebule imehamishwa fanicha.

Mgahawa wa pilau niliousifia tangu kwenye ndege umekuwa saluni. Nikatoa noti ninunue maji, mama muuzaji akaitazama kama nimempa jani la mgomba, akanionyesha code ya kuscan. Shafii, ambaye app ya malipo aliiweka akiwa bado Dar, akanilipia. Nikamwambia nimemwachia makusudi ili ajifunze.

Asubuhi ya pili tukaingia mgahawa mkubwa uliojaa wazee wa Kichina. Mhudumu akaleta birika la chai na bakuli kubwa tupu. Nikamimina, nikanywa, nikawahimiza na wenzangu: "Hii ya kwanza inafungua tumbo."

Meza ya jirani wakaacha kula.

Shafii akasema taratibu, "Mkuu, wenzetu hii ya kwanza wanaoshea vikombe."

Kweli bwana. Walikuwa wanasuuza vikombe na vijiti, halafu wanamwaga kwenye bakuli. Nikasema hao watakuwa wametoka mikoani.

Siku hiyo hiyo nikampeleka Neema Kangle, nikiapa kwamba ndiko mikoba inakoshonwa. Wakuu, Kangle ni vichochoro vya karakana za nguo. Tulizunguka mpaka jioni tukipisha pikipiki zilizobeba marobota ya vitambaa. Kila akiutoa mkoba wake, jibu ni "meiyou", yaani hakuna.

Neema hakunilaumu. Alisema tu, "Kaka Beda, zimebaki siku mbili."

Ni heri angenitukana.

Hapa niwape siri. Ile miaka minne niliishi chumbani, stoo ya mizigo, mgahawa wa Wakongo, na kurudi chumbani. Mto wa Guangzhou niliuona kwenye kalenda. Lakini ukishasema mbele za watu kwamba mji unaujua, kuuliza njia inakuwa kama kukiri kosa polisi.

Siku ya tatu tukakodi gari mpaka Shiling, nje kidogo ya mji, ambako kweli ndiko kwenye mikoba. (Shafii aliulizia hotelini. Sikuambiwa mpaka tulipofika.)

Viwanda vitatu vilikataa. Mia mbili ni chache, hawawashi mashine.

Cha nne bosi wake alikuwa mama wa makamo, miwani kaipandisha kwenye nywele. Akaugeuza mkoba wa Neema ndani nje, akavuta mshono, akanusa ngozi, akatukaribisha meza ya chai. Mumewe akawa anamimina kwenye vikombe vidogo kama vizibo vya soda. Neema akatoa simu atumie app ya kutafsiri. Nikamzuia. "Weka simu, mimi nipo."

Kichina changu ni cha stoo: bei, kilo, haraka. Nikavisema vyote vitatu.

Bosi akanyamaza, macho kwenye mkoba. Mumewe akamwongezea chai. Bosi, bila kuinua uso, akagonga meza kwa vidole viwili. Ko, ko.

Kule nilikofanyia field, mkurugenzi akigonga meza hivyo, chukua faili lako utoke. Mume akamimina tena. Bosi akagonga tena.

Nikasimama. "Neema, tunafukuzwa. Tuondoke na heshima yetu."

Nikaubeba mkoba, nikainamisha kichwa, nikatoka kwa hatua ndefu. Wenzangu wakanifuata hawaelewi.

Kwenye gari Neema akaanza kulia kimya kimya. Shafii akauliza, "Mkuu, kugonga meza ndiyo kufukuza?"

"Ndiyo."

"Mbona jana wale wazee kila wakimiminiwa chai wanagonga? Na dereva wetu asubuhi nilimmiminia, akagonga. Mimi nilidhani wanashukuru."

Nikamgeukia dereva, nikamgongea dashibodi, nikamwonyesha kwa ishara ninauliza nini. Akakutanisha viganja kifuani. "Xiexie." Asante.

Neema akafuta macho. "Nipe mkoba wangu. Wewe kaa hapa."

"Nije nikuombee radhi?"

"Kaka Beda, nakusihi. Kaa."

Nilikaa saa nzima na robo. Dereva kila akinitazama anagonga usukani kwa vidole viwili, anacheka mpaka machozi.

Neema alirudi anatembea kama mtu aliyebeba yai. Amekubaliwa! Mikoba mia mbili, na kitenge atakituma mwenyewe kutoka Mwanza. Kumbe bosi alinyamaza kwa sababu alikuwa anaufuatilia mshono, umempendeza.

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Hakuniulizia?"

"Aliuliza yule mwanaume aliyekimbia na sample ni nani. Nimemwambia ni mpagazi wetu, mgeni kazini."

Shafii akageukia dirishani, mabega yanatikisika.

Siku ya nne tulirudi kusaini na kuchukua vipande vya ngozi vya kuchagulia rangi. Nilivibeba mimi. Bosi aliniwekea kiti changu karibu na mlango, akanipa maji ya chupa. Wao wakanywa chai. Sikufungua mdomo, na wakuu, ndiyo siku pekee ya safari ile ambayo mambo yalinyooka tangu asubuhi.

Nilichojifunza: asiyejua hutazama. Mimi nilikuwa najua, kwa hiyo niliacha kutazama, na jeuri yangu ingelipiwa na mama wa watu.

Waliowahi kujipa uongozi wakapoteza wenzao, karibuni tusemane. Wale mliowahi kuongozwa na mimi, naomba muwaachie wengine waanze.