Harusi Kwenye Ukuta wa Gereji

Shida zangu zilianza mwaka wa 1961, nikiwa na miaka kumi na mbili. Njaa ilimaliza ng'ombe wa baba, halafu mvua ikaja ikabeba hata udongo wa shamba. Shule niliachia darasa la tatu. Nilienda Migwani kwa miguu nikapata kazi ya kuosha vyuma kwenye gereji. Pale ndipo niliona jambo ambalo baadaye lilinilisha: ukuta uliolowa oili miaka mingi haurudishi mwanga. Kitu cheupe kikisimama mbele yake, unakiona ukiwa ng'ambo ya soko.

Kamera nilinunua kwa Mwislamu mmoja wa Mwingi aliyekuwa anafunga studio yake. Alinionyesha kuosha filamu. Mengine nilijifundisha mwenyewe, na picha zangu ziko ukutani kwa watu kutoka Kyuso mpaka Kathonzweni.

Watu wa harusi walikuwa wanataka maua. Mimi nawauliza, maua gani? Migwani mwezi wa nane kuna vumbi, kuna miti mikavu, na jua la kukunja uso kama mtu aliyelamba ndimu. Jua hilo likipiga gauni jeupe, gauni linawaka na uso wa msichana mweusi unapotea. Unabaki na gauni lisilo na mtu. Kwa hivyo nilikuwa nawapeleka nyuma ya gereji saa za jioni, kivuli kikishashuka kwenye ukuta. Natandika magunia ili gauni lisiguse oili. Upande wa jua naegemeza bati jipya, nimelifunika na shuka nyeupe, kwa sababu bati tupu linachoma macho na kuchora mistari usoni. Kisha nafungulia lenzi kwa ajili ya uso. Gauni litajijua.

Na bibi harusi wa mtu mimi sigusi. Baba yake amesimama hapo, mashangazi wamesimama hapo. Akipinda shingo vibaya namwonyesha kwa mwili wangu: nageuza bega, nashusha kidevu, nashika maua ambayo hayako. Makanika walikuwa wanaacha kazi kuja kunitazama.

"Fundi, leo unaolewa na nani?"

"Na baba yako," nawajibu, kidevu bado kiko chini. "Nenda ukanichotee maji."

Kuna harusi moja ya miaka ya sabini. Bibi harusi alikuwa binti ya mzee wa kanisa, mtu mrefu wa kofia na fimbo, ambaye hakupenda kamera hata kidogo. Bwana harusi alikuwa kijana wa Kyuso aliyefanya kazi ya reli Mombasa. Kesho yake asubuhi alikuwa anapanda basi kurudi kazini, na msichana angebaki Kyuso kwa mama mkwe mpaka Desemba. Msichana alikuja studio yangu kabla ya harusi akaniambia bila kuzunguka: anataka picha moja, yeye na mume wake, bega kwa bega.

"Zingine ni zenu," alisema. "Hiyo moja ni yangu."

Shida ikawa mbuzi. Kwetu Ukambani kanisa ni kanisa, lakini msichana anakuwa mke wa mtu baada ya mbuzi wa ntheo, wale ambao upande wa mwanamume huleta kwa baba yake. Mbuzi hao walikuwa waje mapema kwa lori kutoka Kyuso, lori likaharibika njiani. Mzee alinyamaza kanisani kwa heshima ya pasta. Lakini tulipofika gereji nikamwita bwana harusi asimame kwenye gunia, mzee alimzuia na fimbo.

"Apigwe picha peke yake. Na msichana peke yake."

"Mzee, si wametoka kanisani sasa hivi?" msimamizi akasema.

"Ya kanisani Mungu amesikia. Picha wataona watu. Mtu ataiangalia aseme nilipeana mtoto bure."

Shangazi mmoja akamrukia: "Wewe! Kwani mtoto anaolewa na mbuzi?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Bibi harusi alibaki pale kwenye magunia, macho kwenye barabara ya Mwingi. Nikampiga peke yake, nikampiga kijana peke yake, na kazi yangu nyingine ikawa kutazama kivuli. Kikifunika bati, basi, mwanga umekwisha.

Kivuli kilikuwa karibu na bati lori lilipokuja, linavutwa na trekta kwa mnyororo. Lililetwa pale pale, maana lori bovu lingepelekwa wapi tena? Mbuzi watatu walikuwa juu wanalia. Mzee akaagiza washushwe. Akawafungua midomo, akawapapasa mgongo mmoja mmoja, hana haraka.

"Mzee," nikamwambia, "jua halingoji mbuzi."

"Na mbuzi hangoji jua."

Alipomaliza akajifuta mikono. "Nimewaona. Lakini hawajafika kwangu. Wawili hawa wakisimama pamoja, mimi nasimama katikati na kamba mkononi. Mwenye kuona picha aelewe."

Nikawapanga hivyo: msichana kushoto, mzee na mbuzi katikati, kijana kulia, pua ya lori kando na boneti wazi. Wale wawili niliwaonyesha videvu. Mzee sikumwonyesha kitu, alisimama vizuri kuliko wote. Niliminya mara moja, mwanga ukaisha.

Msichana alipokuja kuchukua picha, mume alikuwa ameshaenda. Aliishika muda mrefu.

"Nilikuomba wawili."

"Weka kidole gumba hapo katikati," nikamwambia. "Utaona wawili."

Akajaribu. Kilimfunika baba yake kofia mpaka kifua. Akaifunga picha kwenye leso akaenda Kyuso.

Mimi nilisafisha nakala nyingine kubwa nikaiweka dirishani pa studio. Wasichana wakaanza kuja: "Tupeleke pale kwa lori." Lori lilikuwa limetengenezwa na kuondoka. Nikawa nawapeleka kwa ukuta.

Miaka ya tisini yule bibi harusi alirudi, sasa mama wa watoto wakubwa. Baba yake alikuwa amekufa na hawakuwa na picha ya kuweka kwenye jeneza. Ile ya kitambulisho ilienda na kitambulisho kwa chifu, maana cha marehemu hurudishwa. Akafungua leso. Yeye alikuwa pale, mume wake pale. Katikati palikuwa peupe. Kidole kilikuwa kimekula uso wa mzee, kikabakisha kamba na mbuzi.

Niliingia ndani kutafuta negativu. Mimi negativu situpi.

"Utukate sisi," akasema. "Mimi na mume wangu. Baba abaki."

"Na mbuzi?"

Akafikiri. "Mwachie. Ni wake."

Leo niko na shamba la ndengu Kathonzweni. Ng'ombe wanne. Nyumba ya mawe na tangi la maji. Vyumba sita vya kupangisha Migwani. Studio, na kamera tatu, moja imekufa. Masanduku ya negativu. Na ploti ya ile gereji, niliyonunua mwenye gereji alipohamia Mwingi. Watu wananiambia niupake ule ukuta rangi. Sijaupaka.