Sijambo Mbele ya Mkwe

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa nikikata mawe ya kujengea timboni, Mwakirunge, na kiburi changu chote kilikuwa mgongoni. Jiwe walilolishika wenzangu wawili wawili, mimi nililibeba peke yangu, tena nikiwacheka. Basi siku moja nikainama kuinua jiwe, kiuno kikanilia ka! kama ukuni mkavu, nikabaki vile vile nimeinama kama mtu anayetafuta sindano mchangani.

Nikajikanda kwa mafuta ya nazi. Maumivu yakateremka mguu mmoja, kisha wa pili. Halafu likaja lile ambalo hata leo nalisema nikitazama chini: niliamka godoro limelowa. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, baba wa mtoto mchanga! Nikaligeuza godoro upande wa pili, nikanyamaza.

Mke wangu alikuwa bado yumo ndani ya arobaini, hatoki. Mamake alikuja kutoka Timbwani kumhudumia, na kwa kuwa sikuwa na ndugu karibu, yeye ndiye aliyenipeleka hospitali kubwa ya kisiwani, kwa lori la mawe. Kwetu mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Sikumtazama usoni, sikula naye sahani moja, na neno la chini ya kitovu halikutamkwa alipo. Njia nzima utingo alikaa katikati yetu, nami nilishukuru.

Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole. Aliniinua miguu, akanigonga magoti, kisha akasema jambo nisilolitarajia.

"Mgongo kuuma si sababu ya kukupasua. Wengi wenye shida kama yako hupona kwa dawa, mazoezi na subira. Lakini ukiwa na ganzi hapo unapokalia, au mkojo umekushinda, hatungoji. Nitakupasua leo hii, kwa sababu mishipa ya fahamu ikibanwa sana huenda isipone tena. Sasa niambie, mkojo vipi?"

Mkwe wangu alikuwa kwenye benchi, amenishikia viatu. Wallahi, ningepewa nichague kati ya jibu na kaburi, ningechagua kaburi.

"Sijambo, daktari. Mkojo hauna neno."

"Na ganzi?"

"Hakuna."

Nilisema hivyo nami makalio siyasikii. Akataka kunipima huko. Nikakishikilia kikoi changu kwa mikono miwili, nikakataa kabisa. Akashusha pumzi, akachukua kalamu aniandikie vidonge nirudi nyumbani.

Mkwe wangu akaviweka viatu chini. Akageukia ukuta.

"Daktari, huyu asema uwongo. Mkojo wamtoka. Godoro aliligeuza, nami ndimi niliyelianika. Mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nina mjukuu, nataka alelewe na babake, babake awe na miguu yake."

Kisha akajifunika uso kwa buibui, akatoka nje.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimchukia, sifichi. Nilimchukia mpaka wananiingiza chumba cha kupasuliwa, jioni ile ile.

Siku chache baadaye, mpira wa mkojo walionitia ulipotolewa, nikaenda chooni nikiegemea ukuta, na mkojo ukaja nilipoutaka mimi. Nililia humo ndani kama mtoto. Mtu wa kwanza niliyetaka apate habari ile alikuwa yeye, na ndiye mtu ambaye nisingeweza kumwambia.

Niliporudi nyumbani alikuwa upande wa pili wa pazia, na mtoto mikononi. Mambo yalikuwa yamerudi kama desturi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Sijambo hiyo ni ya kweli, au ni ile ya daktari?"

Uso ukaniwaka moto. Nikainamisha kichwa mbele ya pazia, ingawa hakuna aliyeniona.

"Ya kweli, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, na nikamsikia akivuta kamasi.